Herufi Moja

Kwenye kibodi ya mahakama, hapa Tabora,
G imekaa juu, B chini yake kidogo,
kama wapangaji wa nyumba moja wasiosalimiana.
Jumanne kidole changu kiliteleza. Nikaandika:
mshtakiwa aliiga ng'ombe wawili, mali ya mlalamikaji.
Hakimu akacheka mpaka akavua miwani.
Mimi sikucheka. Nilimkumbuka Mihayo.

Mwaka ule vumbi la Isevya lilikuwa limekula lensi
za mashine zake zote mbili. Unazigeuza kichwa chini,
unazipulizia, unazifunika kitambaa chenye maji,
diski inakwaruza kama mtu anayekuna ukoko,
halafu skrini nyeusi. Watoto wanadai mia zao.
Kaka yangu akauza baiskeli, na madebe mawili ya asali ya baba,
akaleta kompyuta iliyokuwa ikichapa risiti za tumbaku,
na ndani yake programu moja, ndogo kuliko wimbo,
iliyojifanya mashine. Haikuwa na lensi ya kuliwa.
Iliitika kila ilipoitwa, kwa sauti ileile,
ila nyasi za uwanja zilitoka zambarau
na kipa wetu hakuwa na uso.
Hakuna aliyelalamika. Foleni ilifika kwa mshona viatu.

Hamduni wa Gongoni, mwenye mashine halisi tatu na stakabadhi,
hakulala.

Usiku, nikihesabu sarafu kwenye kopo la siagi,
Mihayo alinisomea karatasi alizochapisha intaneti ya Posta,
mia mbili kwa ukurasa, kurasa kumi na moja:
kwamba huko ughaibuni, miaka michache nyuma,
watu wachache waliandika programu za namna hii
wakaziuza dukani, ndani ya boksi, mchana kweupe.
Mwenye mashine, tajiri wa kutisha, akawafungulia kesi.
Majaji wakasema: kuifungua saa ya mtu
ili ujue inavyotembea, kisha uunde yako,
huo si wizi.
"Unasikia, Kalunde? Kuiga si kuiba!"
Aliruka mpaka kopo likamwagika.

Nikamwambia soma ukurasa wa mwisho.
Hakutaka. Nikausoma mimi:
programu ya mmoja ilinunuliwa na yuleyule aliyemshitaki,
ikafungiwa kabatini.
Wengine walishinda, wakashinda tena,
na kila ushindi ulikuja na ankara ya wakili,
mpaka siku ya kufunga duka wakachora kaburi, wakaondoka.
Wahenga walituambia nyasi huumia.
Hawakusema lolote juu ya nyasi zinazoshinda kesi.

Polisi walikuja Jumatano. Wakabeba kompyuta, televisheni,
pedi mbili, hata ubao wa bei.
Kila kitu kikabandikwa karatasi: Kielelezo Na. 1, Na. 2, Na. 3.
Miezi kumi na minne. Shahidi yuko Nzega. Shahidi anaumwa.
Jalada halionekani. Jalada limeonekana, hakimu yuko likizo.
Nilikaa benchi la nyuma nikimtazama mwanamke anayepiga chapa.
Hakuinua uso hata mara moja.

Kisha: hana kesi ya kujibu.

Tulikwenda stoo na mkokoteni. Ndani ya kompyuta
panya alikuwa amezaa, watoto sita, wekundu kama vidole,
juu ya pamba aliyoitengeneza kwa nyaya.
Mihayo alifunika kifuniko taratibu,
akasaini kitabu cha kupokea mali,
akanunua soda moja tukagawana.

Siku hizi anatengeneza mizani ya tumbaku, Ipuli.
Televisheni iko kwa mama, anaangalizia taarifa ya habari
na karatasi ya Kielelezo Na. 2 bado iko pembeni;
anasema ukiibandua itatoka na rangi.

Nilirudi kwenye jalada la ng'ombe.
Nikafuta g, nikaweka b. Kazi ya sekunde moja.
Kama kweli aliiba, sijui.
Mimi napiga chapa tu.